Safari ya Karibu: Nyabugogo na Nathari Yetu ya Safari

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kusahihisha kazi za wanafunzi anaifahamu insha ya safari. Hufunguka kwa jogoo kuwika na jua kuchomoza; msafiri huoga, hustaftahi, huagwa na wazazi wake, hupanda basi. Toka hapo basi huruka kama ndege hata likafika mjini, mahali penye majumba marefu na taa za rangi rangi. Siku hupita kufumba na kufumbua, na mwisho msafiri hurudi nyumbani na furaha isiyo kifani. Methali mbili tatu zimetiwa humo kama chumvi. Mwanafunzi hupata alama zake, maana sarufi ni safi na tahajia haina kasoro. Lakini mwalimu akiulizwa ni jambo gani aliloliona kwa macho ya mwandishi huyo, hana la kutaja. Katika insha nzima hamna abiria mmoja mwenye sura, wala neno moja lililosemwa na mtu njiani, wala harufu, wala nauli. Safari imefanyika na msafiri hakuwamo.

Twaanza na insha hiyo kwa sababu kosa lake si la mwanafunzi. Amefunzwa kwamba jambo la kusimuliwa liko mbali, na kwamba njia ya kuliendea haina maana yoyote. Katika makala haya tungependa kuchunguza mafunzo hayo yalitoka wapi katika nathari ya Kiswahili, na kama nathari hiyo hiyo haina dawa yake. Kisha tutaipeleka hoja mahali pamoja panapojulikana na kila mkazi wa Kigali, yaani Nyabugogo, kule bondeni penye kituo kikubwa cha mabasi, masoko, kinamasi na mto uliolipa bonde jina lake. Wanafunzi wengi wa Kiswahili nchini Rwanda hupita hapo mara nyingi katika mwaka. Ni wachache sana wanaodhani kwamba wamepita mahali penye jambo la kuandikwa.

Lugha yenyewe yatupa dokezo. Kiswahili kina maneno mengi ya yale yampatayo msafiri: kisa, mkasa, kioja, ajabu, masaibu. Tukija lakini kwenye ile tabia ya kutaka kujua, twaona lugha inasita. Mdadisi husifiwa darasani. Akifika uani huitwa mdaku, mpekuzi, mbeya. Methali yatuambia tutembee tuone. Kinyarwanda nacho kina methali yake, *Akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze*, maana yake kijinyoni kisichoruka hakijui ni wapi nafaka imeiva. Methali zote mbili zamsifu aliyeondoka. Aliyekaa akatazama hatajwi.

Sehemu kubwa ya mazoea haya iliingia shuleni pamoja na vitabu vya hadithi vya enzi ya Waingereza. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri mbili zilizosomwa kwa miaka mingi, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa Chenye Hazina, na baada yake, mwaka 1932, Safari za Gulliver. Hatuna nia ya kuzibeza. Kiswahili chake kina mwendo, na mwanafunzi anayetaka kujua namna ya kumkata msomaji pumzi mwishoni mwa sura hawezi kupata mwalimu bora. Hata hivyo tuitazame Mashimo kwa makini. Wazungu watatu waondoka Durban kwenda bara, kuitafuta nchi isiyokuwamo katika ramani zao. Kwa msomaji wa London nchi hiyo ni mbali, na umbali huo ndio utamu wa kitabu. Je, msomaji wa Tabora au wa Kisumu aketi upande gani? Atakiwa kulitazama bara lake mwenyewe kwa macho ya mtu aliyepanda meli kuja kulistaajabia. Milima, mito na watu wanaofanana na jirani zake vyote vimegeuka maajabu, na yeye, kama yumo kitabuni, yumo akiwa amejitwika mzigo wa mwenzake. Kisha afunga kitabu, achungulia dirishani, auona mlima, wala hauoni. Kitabu kimemfundisha kwamba mlima huwa ajabu pale tu anapotokea mtu wa mbali kuupanda.

Kumbe Waswahili walikuwa wamekwisha andika safari kabla ya hapo, tena kwa namna nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Ujerumani mkusanyo ulioitwa Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa waliomo ni Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Mkubwa wa safari ile, kwa macho ya Wazungu, alikuwa yule bwana; katika Kiswahili lakini mwenye safari ni mtumishi, naye ndiye aliyetuachia habari za baridi, za vyakula, na za Waislamu aliowakuta huko kaskazini. Hii ni Mashimo iliyopinduliwa: Mwafrika ndiye anayestaajabu, na Ulaya ndiyo nchi ya ajabu. Wasomaji wengi hupenda kuishia hapo na kushangilia. Sisi twaona kwamba mapinduzi haya, ingawa yafurahisha, yameuacha mzizi pale pale, maana ajabu bado iko mbali. Imebadili upande wa bahari tu.

Aliyeugusa mzizi ni mwenzake, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900. Jina lake limeshikamana na Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903. Humo hamna milima ya barafu. Mna uzazi, michezo ya watoto, ngoma, ndoa, dawa, mashamba, utumwa, mambo ambayo kila mtu wa Mrima aliyajua na kwa hiyo hakuna aliyeyasimulia. Yawezekanaje mtu akaviona vitu vya kwao vyote hivyo, hata akatofautisha ngoma na ngoma? Jibu letu ni kwamba aliulizwa. Velten alikuwa mgeni, na mgeni huuliza yale ambayo mwenyeji hayaulizi. Swali la mgeni lilimfanya Mtoro asimame kidogo nje ya nyumba yake, aitazame kana kwamba ndiyo kwanza anaifikia. Faida hiyo ilikuwa na gharama yake, kwa sababu muulizaji alikuwa mtu wa dola iliyoitawala pwani ile, na msomaji wa leo yampasa akisome kitabu akilijua hilo. Lakini njia yenyewe ni njema na haimhitaji mtawala. Mwandishi aweza kuwa mgeni wa nafsi yake.

Hatua iliyofuata ilifanywa Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957–58, na Mzimu wa Watu wa Kale ukachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, shujaa wake, hajulikani kwa bunduki wala kwa jahazi. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana tabia ya kutokubali kwamba jambo limekwisha eleweka. Wahakiki wamezoea kutaja udugu wake na Sherlock Holmes, nao ni udugu wa kweli. Twasikitika tu kwamba wengi huishia hapo kana kwamba wamekwisha mfukuza. Lililo kubwa zaidi ni kwamba Bwana Msa hana haja ya kuondoka kisiwani. Mashamba, nyumba, majirani, mzimu ambao watu wauogopa bila kuuchungua, hayo ndiyo mapori yake. Pale majirani wanapoona jambo la kawaida, yeye aona swali. Na udaku, ule tuliosema unalaumiwa uani, kwake umekuwa kazi ya akili na ya haki. Kama tungetakiwa kuchagua kitabu kimoja cha kumpa mwanafunzi wa Kigali ajifunze kutazama, tungechagua hicho, ingawa mikarafuu hajaiona na Unguja hajafika.

Wafaransa nao wana mifano inayostahili kutajwa, hasa kwa walimu wa Rwanda waliosoma Kifaransa. Xavier de Maistre, askari aliyefungiwa chumbani mwake mjini Turin kwa siku 42, aliandika safari ya kukizunguka chumba hicho, nayo ikachapishwa miaka ya 1790. Ni mzaha, na mzaha huchosha. Aliye karibu zaidi na haja yetu ni Georges Perec, ambaye mnamo Oktoba 1974 aliketi siku tatu katika mikahawa ya uwanja mmoja wa Paris, akaandika kila kilichopita: watu, njiwa, magari, na mabasi kwa namba zao. Alichokiandika kilitoka mwaka uliofuata. Kina subira ambayo kila mwandishi yampasa ajifunze. Lakini Perec atazama kupitia kioo, naye husikia machache mno. Angeketishwa Nyabugogo angepoteza nusu ya mahali, maana Nyabugogo pafaa kusikilizwa kwanza.

Tushuke basi bondeni.

Msafiri anayeingia kituoni hupokelewa na majina ya miji yakipigiwa kelele. Mtu aitwaye mpigadebe katika Tanzania na manamba katika Kenya yuko hapa pia, akiyatangaza majina ya mahali kama mnadani. Asikilize vizuri. Mwaka 2006, utawala wa mikoa ulipopangwa upya nchini Rwanda, miji kadhaa ilipata majina mapya: Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Butare ikawa Huye, Cyangugu ikawa Rusizi. Mabango yalibadilishwa, midomo ikafuata polepole, na wapo watu wazima ambao mpaka leo huomba tikiti ya kwenda Butare na kupewa ya Huye bila mabishano yoyote. Katika foleni moja, nyanya na mjukuu waweza kuwa wanakwenda miji miwili yenye barabara moja na nyumba zile zile. Mwanafunzi anayetafuta kisa cha kuandika amekwisha kipata, na basi bado halijawashwa.

Aliangalie na basi lenyewe. Magari hupita upande wa kulia nchini Rwanda. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Kwa hiyo basi lililoundwa kwa barabara za Uganda, likifika mpaka wa Gatuna, hubadili upande, na mlango uliofunguka ukingoni mwa njia sasa wafunguka kuelekea katikati yake. Mpaka huo ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena mpaka mwisho wa Januari 2022. Yote haya yanasomeka katika ubavu wa gari. Walimu wa historia na wa jiografia hutumia kurasa nyingi kueleza kwamba Rwanda ilitawaliwa na Wajerumani kisha Wabelgiji na jirani zake wakatawaliwa na Waingereza. Mlango wa basi la Kampala huyasema hayo kwa kufunguka.

Chini ya vishindo hivyo upo mto, na mto ndio sehemu ya Nyabugogo isiyotazamwa kabisa isipokuwa siku za mvua kubwa, wakati mfereji wa Mpazi unapoteremka kwa nguvu kutoka vilima vya kusini na bonde likafurika. Maji ya Nyabugogo hutoka ziwa Muhazi, huyapokea ya vijito vya Kigali, kisha huingia Nyabarongo. Nyabarongo huwa Akagera, Akagera huangukia Rusumo na kuingia ziwa Viktoria, na kutoka ziwa hilo maji huanza njia ya Misri. Abiria anayenunua andazi dirishani mwa basi yuko basi juu ya tawi moja la mto Naili. Jambo hili lilimtoa daktari Richard Kandt kwao Ujerumani. Alisafiri bara na msafara wa wapagazi, akafika mwaka 1898 kwenye kijito cha Rukarara katika msitu wa Nyungwe, akakitangaza kuwa ndicho kichwa cha Naili, na mwaka 1904 akachapisha kitabu chenye jina la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye akaanzisha kituo cha serikali katika kilima kilicho juu ya bonde letu. Ndio mwanzo wa mji wa Kigali, na nyumba yenye jina lake sasa ni makumbusho. Hatumnyimi sifa ya uvumilivu. Twauliza tu swali la mwalimu wa fasihi: watu waliokuwa wakichota maji Rukarara kabla ya 1898 wamo wapi katika masimulizi hayo? Waliujua mto. Hawakujua kwamba ni ajabu, maana hakuna aliyewaambia kuwa mahali wanapojaza vibuyu vyao ni mbali.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo mwandishi mwenye haraka ya kusifu udadisi angelipita. Mto huu haukubeba maji tu. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 watu wengi waliuawa na kutupwa katika Nyabarongo na Akagera, na miili ilifika ziwa Viktoria, ikazikwa na wavuvi na wanakijiji wa Uganda. Makaburi ya kumbukumbu yako Kasensero, Lambu na Ggolo. Mwanafunzi aliyetumwa kuufuata mto kwa kalamu ataifikia habari hiyo, atake asitake. Basi mwalimu hawezi kumtuma kana kwamba anamtuma kuokota makombe ufukweni. Udadisi wa karibu una hatari ambayo ule wa mbali hauna: wale unaowauliza utakutana nao tena kesho, nao wana mambo ambayo wameamua kuyanyamazia ili waweze kuishi pamoja. Gulliver aliweza kuuliza lolote na kupanda meli. Mwanafunzi wa Kimisagara hawezi. Yampasa ajue kuanza na salamu, kuacha swali lisilojibiwa libaki bila jibu, na kutofautisha kati ya mtu anayependa kusimulia na mtu anayejilazimisha kwa adabu. Ile aibu ya udaku, tuliyoitaja mwanzo kama kasoro, huenda ni hekima iliyowekwa na wazee kwa sababu hii, nasi hatushauri itupwe. Bwana Msa mwenyewe hutafuta kweli, lakini hamvunjii mtu heshima barazani kwake.

Turudi kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu. Kiswahili kilitambuliwa na Bunge la Rwanda kuwa lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu hapo wapo wanaokihesabu kuwa lugha ngeni iliyoletwa na sheria. Dakika kumi kituoni zatosha kuivunja dhana hiyo. Abiria anauliza basi litaondoka lini, katika Kinyarwanda safi. Anajibiwa, katika Kinyarwanda safi vile vile: saa mbiri, au saa tanu, au saa sita. Hesabu ya kawaida ya lugha hiyo haisemi hivyo. Sita kwa kuhesabu ni *gatandatu*, saba ni *karindwi*. Lakini saa imekuja na hesabu yake kutoka pwani, na hata siku yenyewe huanzia alfajiri kama yetu, saa moja ikiwa ile ambayo Wazungu huiita ya saba. Tena sita na saba si za Kibantu, Kiswahili kilizipata katika Kiarabu. Kwa hiyo mkulima wa Gicumbi anayewahi basi la saa saba hutumia neno lililovuka bahari, likapanda bara na misafara, na sasa limo mdomoni mwake pasipo kudai nauli.

Utamu haujaisha. Baada ya saa saba hesabu ya pwani yakatika. Hakuna saa nane wala saa tisa. Wanyarwanda husema *saa munani* na *saa cyenda*, kwa namba zao wenyewe, kisha saa kumi yarudi. Na hiyo *cyenda* mwalimu wa Kiswahili asiipite upesi. Ni ndugu wa kenda, neno letu la kale la tisa, lililosukumwa kando na lile la Kiarabu na ambalo wanafunzi hulikuta katika tenzi au katika jina la Wamijikenda, watu wa miji kenda. Wanafunzi wa Kigali waambiwao kwamba kenda ni neno gumu la ushairi hulitamka dada yake kila alasiri.

Mifano ya namna hii imejaa kituoni kama abiria. Dirisha huitwa *idirishya*, sabuni *isabune*, sahani *isahani*, kitabu *igitabo*. Ndege wa angani mwenye mabawa ya nyoya ana jina lake la Kinyarwanda, *inyoni*, lakini ile ya chuma ni *indege*: lugha ilikopa neno, ikaliacha jike na dume na mayai yake Uswahilini, ikachukua mashine tu. Nasi twaweza kujifunza kutoka upande wa pili. Kinyarwanda husema *ejo* kwa jana na *ejo* kwa kesho, na kitendo ndicho kinachobainisha. Mswahili akisikia mara ya kwanza hucheka. Akifikiri kidogo ataona kwamba yeye mwenyewe husema juzi na juzijuzi, kesho kutwa na mtondo, na huenda akajiuliza kwa nini watu wa pwani waliona haja ya kuzigawa siku vipande vidogo hivyo.

Yapo pia mambo yatakayomkera mwalimu. Kiswahili cha Nyabugogo si kimoja. Msafiri wa Kivu husema *batu* kwa watu na *batoto* kwa watoto. Dereva wa Uganda huzipuuza ngeli kwa amani kamili. Kijana aliyekulia Nairobi ana yake, na mzee wa Biryogo, mtaa wa Waislamu ambako Kiswahili kimekaa tangu zama za ukoloni, husikiliza wote na kutikisa kichwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nasi twafundisha hicho, na ni haki tukifundishe. Mwanafunzi asiyekimudu hatapata mtihani wala kazi. Hatukubaliani hata kidogo na wale wasemao kwamba kila kinachosikika ni sawa na kwamba sarufi ni dhuluma. Lakini kalamu nyekundu ina wakati wake. Mwanafunzi akileta maneno aliyoyasikia kwa msafiri wa Kivu, ayaandike kama yalivyosemwa, ndani ya alama za usemi, na maelezo yake mwenyewe yawe sanifu. Waandishi wa riwaya wamefanya hivyo siku zote. Mwalimu anayeyasahihisha maneno ya mhusika humnyang'anya mhusika huyo kwao.

Kuna na jambo la aibu ambalo halisemwi sana mikutanoni. Kwa muda mrefu, katika Rwanda na hata katika Tanzania yenyewe, neno Mswahili limetumika pia kwa mtu mjanja wa mitaani, mwenye maneno mengi na ahadi chache. Kituo cha mabasi kikahesabiwa kuwa makao ya watu hao, na lugha yao ikahesabiwa kuwa lugha ya kituoni. Mzazi anayetaka mtoto wake ajifunze Kiswahili kwa ajili ya cheti huku akimkataza kukisema na wauza maandazi hajakosa sababu, lakini anamfundisha mtoto kwamba lugha ina darasa tu, haina watu. Insha tuliyoieleza mwanzoni, ile isiyo na abiria, ndiyo matunda ya mafundisho hayo. Na vitabu vya kiada vina sehemu yake ya lawama, maana vingi bado humpeleka mtoto wa vilimani kwenye ngalawa, minazi na mikoko, vitu vizuri vyote, kabla ya kumwonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuutaja mgomba wa mama yake na kinamasi anachokipita.

Kwa walimu wenzetu wa Kigali twapendekeza zoezi moja, nalo laweza kufanywa na darasa lolote lililo karibu na kituo, iwe Ubungo, Kampala au Bukavu. Kichwa cha insha kiwe: *Saa moja kituoni bila ya kupanda basi*. Mwanafunzi asiende peke yake, na asimpige mtu picha. Alete maneno matatu aliyoyasikia, na kwa kila neno aeleze nani alilisema na kwa nani. Alete kitu kimoja alichokuwa akikiona siku zote na sasa amekijua sababu yake. Jogoo asiwike, jua lisichomoze, na methali zibaki nyumbani. Urefu usizidi kurasa mbili. Insha zitakazopatikana, hasa zile ambazo mwalimu alishindwa kuamua azipe alama ngapi, twaziomba ziletwe kwa mhariri wa kurasa hizi, nasi tutazihakiki hapa kama tuhakikivyo vitabu.